ELIMU KWA UMMA: KUFUFUA BOTI KUUKUU YA FAIBA NA MASHINE YAKE NYUMBANI

Wananchi pamoja na watumishi wa Serikali wamekuwa wakinunua boti za faiba zilizokwisha kutumika kwa miaka mingi, ama katika minada ya mali chakavu, ama kutoka kwa wavuvi na wenye hoteli wanaobadilisha vyombo vyao. Bei ya boti ya namna hiyo huwa ni sehemu ndogo tu ya bei ya boti mpya, na mnunuzi hujiaminisha kwamba kwa msasa, rangi na plagi mpya chombo kitarudi kazini. Mara nyingine huwa hivyo. Mara nyingine chombo hurudi kazini kikiwa na kasoro iliyofichika, nayo hujitokeza mbali na nchi kavu, watu wakiwa ndani.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza namna ya kuichunguza boti ya aina hiyo, kuitengeneza na kuijaribu, na vilevile kueleza ni wakati gani haifai kutengenezwa kabisa.

MFANO WA NYEGINA

Mfano utakaotumika ni wa Nyegina, kijiji kilicho jirani na mji wa Musoma, Mkoa wa Mara, katika nchi ya Wakwaya iliyo kando ya Ziwa Viktoria. Mahali hapo pamechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, mkazi wa huko hana karakana kubwa ya boti mlangoni pake. Kazi hufanywa uani, kwa vifaa vya kawaida, kama ifanywavyo katika vijiji vingi vya Unguja na Pemba. Pili, maji ya ziwa ni baridi wala hayana chumvi, na uso wa ziwa hilo uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Tofauti hizo mbili huathiri mashine, na ni vyema zieleweke kwa kuwa mashine na maboti huuzwa na kusafirishwa kwa malori kutoka pwani kwenda ziwani, na kutoka ziwani kuja pwani.

Ichukuliwe basi kwamba mkazi mmoja wa Nyegina amenunua boti ya faiba yenye urefu wa mita 5, pamoja na mashine ya kupachika ya nguvu za farasi 40, vyote vikiwa vimelala juani kwa miaka minne. Rangi imepauka, viti vimevunjika, na majani yameota ndani. Jirani wanamshauri aanze na mashine, kwani kwa maoni yao mashine ikinguruma boti imepona. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini ni kinyume cha utaratibu unaostahili. Mashine nzuri juu ya boti mbovu huipeleka boti hiyo mbali zaidi na ufukwe, basi.

KWA NINI JAMBO HILI NI ZITO

Ziwa Viktoria lina historia ya misiba mikubwa. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na kuua mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara na watu 228 walipoteza maisha. Mwezi wa Julai 2023 mitumbwi miwili ilizama upande wa Wilaya ya Bunda, humo humo Mkoani Mara, na watu zaidi ya kumi walifariki. Visiwani nako msiba wa MV Spice Islander I wa tarehe 10 Septemba 2011 haujasahaulika.

Vyombo hivyo havikuwa vya namna moja wala havikuzama kwa sababu moja. Hata hivyo vyote vinafundisha kwamba chombo kikianza kuzama hakitoi muda wa kushauriana. Usalama huandaliwa nchi kavu.

Kuna tofauti moja ambayo kila mwenye kuhama kutoka mtumbwi wa mbao kwenda boti ya faiba anapaswa kuijua. Mbao nyingi huelea. Mtumbwi wa mbao usio na mzigo mzito, hata ukijaa maji, mara nyingi hubaki ukielea sawa na uso wa maji, na waliomo hupata cha kushikilia. Faiba ni nzito kuliko maji. Kipande chake kikitupwa ziwani huzama. Kinachoizuia boti ya faiba isizame inapojaa maji ni povu gumu au masanduku ya hewa yaliyofungiwa ndani yake. Povu hilo likilowa au masanduku hayo yakipasuka, boti huzama ikivutwa na mashine, ambayo kwa nguvu za farasi 40 huwa na uzito wa kilo 70 au zaidi.

FAIBA NI KITU GANI

Faiba ni mkeka wa nyuzi za kioo uliolowekwa kwa rezini, yaani utomvu wa viwandani ambao hukauka na kuwa mgumu unapochanganywa na kigandishi. Nyuzi huleta nguvu na rezini huzishika pamoja. Juu yake hupakwa tabaka jembamba la rangi ngumu linalozuia maji na jua. Ufundi huu ulianza kutumika katika maboti nchini Marekani katika miaka ya 1940, na baadaye ukaenea duniani kote kwa kuwa faiba haiozi wala haitobolewi na wadudu.

Ni kweli kwamba faiba haiozi. Lakini ndani ya boti nyingi za faiba mna mbao. Ubao wa nyuma unaobeba mashine, ambao katika makala haya utaitwa ubao wa tezi, kwa kawaida ni mbao za tabaka zilizofunikwa kwa faiba pande zote mbili. Mihimili inayokwenda kwa urefu chini ya sakafu nayo mara nyingi huwa ni mbao zilizofunikwa vivyo hivyo. Maji yakipenya kupitia tundu la skrubu au ufa mdogo, hukaa humo bila kukauka, na mbao huoza gizani huku faiba ya nje ikiwa nzima na yenye kung'aa. Hiyo ndiyo kasoro inayoua boti ya faiba, na ndiyo ambayo rangi mpya huificha.

UCHUNGUZI KABLA YA KUTUMIA FEDHA

Uchunguzi ufanywe kabla ya kununua. Na ikiwa boti imekwisha nunuliwa, ufanywe kabla ya kununua kopo moja la rezini. Hatua zake ni hizi:

(a) Kugonga. Boti yote igongwe polepole kwa nyundo ya plastiki au mpini wa bisibisi. Mahali pazima hutoa sauti kavu na kali. Mahali palipooza au palipoachana tabaka hutoa sauti nzito, kama ya kugonga gunia. Kila mahali penye sauti hiyo pazungushiwe chaki.

(b) Kuujaribu ubao wa tezi. Mashine ikiwa imefungwa na kuinamishwa juu, mtu aishike sehemu ya chini na kuisukuma juu na chini huku mwenzake akitazama ubao. Ubao ukicheza, au nyufa zikifunguka kwenye pembe, umeoza.

(c) Kutoboa. Kwa upande wa ndani yatobolewe matundu madogo ya milimita 5, hasa sehemu za chini na karibu na boliti. Unga wa mbao unaotoka ukiwa mkavu na wenye rangi ya mbao, ubao ni mzima. Ukitoka mweusi, wenye maji au wenye harufu ya uvundo, ubao hauna budi kubadilishwa. Matundu yazibwe baadaye kwa rezini.

(d) Kutazama povu. Sakafu ifunguliwe mahali pamoja karibu na tezi na kipande cha povu kikatwe. Kikikamuliwa na kutoa maji, povu lote la sehemu hiyo ni la kutupwa.

(e) Kutazama chini ya boti. Malengelenge madogo yaliyotawanyika si hatari ya haraka. Hukwanguliwa, hukaushwa na kuzibwa. Ufa unaokwenda kwa mstari mrefu kando ya muhimili ni jambo jingine, kwani ni dalili kwamba muhimili huo umelegea.

Wazee wa pwani husema kwamba kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kwa mnunuzi wa boti kuukuu usemi huo una maana iliyo wazi. Atazame omo na atazame tezi, lakini jibu la swali lake liko chini ya sakafu, mahali maji yanapotuama.

Baada ya uchunguzi yaandikwe mafungu matatu ya gharama: boti yenyewe, mashine, na vifaa vya usalama. Ubao wa tezi peke yake ukiwa umeoza, kazi inafaa kufanywa. Ubao wa tezi, mihimili na povu vyote vikiwa vimeharibika, na mashine nayo imekwama, gharama ya kuifufua huweza kuifikia au kuipita thamani ya boti, na ni busara kuiacha. Boti isiyofaa majini bado yaweza kuwa hori la kunyweshea ng'ombe. Hapana aibu katika kuamua hivyo.

MAHALI PA KAZI NA AFYA YA MFANYAJI KAZI

Mkoani Mara kazi ya faiba ianzwe wakati wa kiangazi, kati ya mwezi wa Juni na Septemba, kwa kuwa rezini haishiki vizuri juu ya kitu chenye unyevu. Visiwani hali kadhalika masika na vuli viepukwe. Boti iwekwe juu ya magogo au matairi yaliyopangwa chini ya mihimili, isilalie sehemu moja tu ya tumbo, na ifunikwe kwa paa la mabati au turubai lililo wazi pembeni ili hewa ipite.

Mvuke wa rezini huumiza kichwa na mapafu, na pia hushika moto. Vumbi la faiba huwasha ngozi na kudhuru kifua. Kwa hiyo:

1. Kazi ifanywe mahali pa wazi, mbali na jiko, taa ya moto na sigara. Watoto wasiruhusiwe kukaribia.

2. Mfanyaji kazi avae barakoa inayofaa, miwani ya kukinga macho, glavu na nguo za mikono mirefu. Kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi.

3. Kigandishi kikiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji mengi safi kwa muda usiopungua dakika 15, kisha mtu apelekwe hospitali bila kuchelewa. Ndoo ya maji safi iwe karibu wakati wote wa kazi.

4. Aina nyingine za rezini huuzwa pamoja na kichapuzi, tofauti na kigandishi. Vitu hivyo viwili visichanganywe pamoja moja kwa moja hata kidogo, kwani huweza kulipuka. Kichapuzi huchanganywa kwanza ndani ya rezini, na kigandishi hufuata baadaye.

KUTENGENEZA BOTI

Sehemu iliyoharibika ikatwe hadi kufikia faiba nzima, kisha kingo zisagwe kwa mteremko mpana. Kipimo kinachokubalika ni mara 12 ya unene. Faiba yenye unene wa milimita 5 isagwe mteremko wa milimita 60 kuzunguka tundu. Kiraka kilichobandikwa juu ya rangi, bila kusagwa, hubanduka siku boti inapopigwa na mawimbi.

Sehemu iliyosagwa ifutwe kwa asetoni, kisha ikauke. Mikeka ikatwe yote mapema na kupangwa kwa ukubwa, ndipo rezini ichanganywe. Kwa kawaida kigandishi huwa asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa rezini, yaani gramu 10 hadi 20 kwa kilo moja, kufuatana na joto la siku na maelezo ya mtengenezaji. Kigandishi kikizidi, rezini hupata moto na kupasuka. Kikipungua mno, haikauki hata baada ya siku kadhaa. Mchanganyiko uwe mdogo mdogo, kwani hugandia koponi baada ya dakika chache.

Mkeka wa kawaida wenye uzito wa gramu 450 kwa mita ya mraba hunywa takriban kilo moja ya rezini kwa mita hiyo moja, nao huacha unene wa karibu milimita moja. Kwa hesabu hiyo mtu anaweza kujua mapema ni kiasi gani cha vifaa vya kununua Mwanza au Dar es Salaam, badala ya kukwama katikati ya kazi. Kila tabaka lisukumwe kwa brashi na rola mpaka mapovu yote ya hewa yatoke. Yasipandishwe zaidi ya matabaka matatu au manne kwa mara moja, kwa sababu joto huzidi.

Kubadilisha ubao wa tezi kunahitaji subira zaidi. Faiba ya ndani hukatwa, ile ya nje ikaachwa kama ukuta. Mbao zilizooza hutolewa kwa patasi hadi kipande cha mwisho, na sehemu hiyo huachwa ikauke kabisa. Ubao mpya utengenezwe kwa plaiwudi iliyogandishwa kwa gundi isiyoharibiwa na maji, mbao mbili za milimita 18 zikibandikwa pamoja. Plaiwudi ya samani isitumike, kwani huachana tabaka ikilowa. Pande zote za ubao, hasa kingo, zinyweshwe rezini kabla ya kuwekwa. Kisha ubao ugandishwe kwenye ukuta wa nje, ubanwe kwa jiriwa, na ufunikwe kwa mikeka inayopanda pande mbili za boti na kushuka kwenye mihimili, ili nguvu ya mashine igawanywe katika boti nzima.

Matundu ya boliti yatobolewe makubwa kuliko boliti, yajazwe rezini, yakauke, kisha yatobolewe upya kwa kipimo chake. Kwa njia hiyo boliti hupita katikati ya rezini na maji hayaufikii ubao. Kazi hiyo huchukua siku moja zaidi, na ndiyo inayoamua kama ubao mpya utadumu au utaoza kama ule wa kwanza.

Kimo cha ubao nacho kipimwe. Mashine za shingo fupi huhitaji ubao wa takriban sentimita 38, na za shingo ndefu sentimita 51. Bapa lililo juu ya propela liwe sawasawa na chini ya boti au chini yake kidogo.

Povu lililolowa libadilishwe kwa povu gumu lisilonyonya maji, na mahali lilipofungiwa pazibwe barabara. Kila lita moja ya povu kavu au hewa iliyofungiwa hubeba karibu kilo moja majini. Mwenye boti afanye hesabu: uzito wa mashine, uzito wa boti majini, na watu watakaoishikilia.

KUFUFUA MASHINE

Mashine iliyolala kwa miaka haivutwi kamba siku ya kwanza. Plagi zifunguliwe, mafuta laini ya mashine yatiwe kidogo katika kila silinda, nayo iachwe kwa siku moja au mbili. Kisha izungushwe kwa mkono taratibu. Ikikataa, isilazimishwe, fundi aifungue, kwani ringi zilizoshika kutu huvunjika na kuikwaruza silinda.

Ikizunguka, upimwe mgandamizo wa kila silinda. Tarakimu za silinda zote ziwe karibu sawa. Silinda moja ikipungua zaidi ya asilimia 15 kuliko mwenzake, mashine ina ugonjwa wa ndani, na kununua kabureta mpya hakutausaidia.

Baada ya hapo hufuata kazi hizi:

1. Petroli ya zamani imwagwe mahali pasipo hatari, wala si ziwani au baharini. Kabureta ifunguliwe na vitundu vyake visafishwe. Mipira ya mafuta iliyopasuka au kuwa migumu ibadilishwe yote pamoja na chujio.

2. Impela ya pampu ya maji ibadilishwe hata kama inaonekana nzima, kwa sababu mpira wake hukauka na kukunjamana. Ni kifaa cha bei ndogo kinacholinda mashine nzima. Ziwani njia za maji husakamwa na magugu maji na mchanga, na baharini husakamwa na chumvi.

3. Mafuta ya sanduku la gia yamwagwe na kutazamwa. Yakiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia, na sili za shafti hazina budi kubadilishwa.

4. Plagi mpya ziwekwe, nyaya zisafishwe, na kamba ya usalama ya kuzimia mashine ihakikishwe kuwa inafanya kazi. Nahodha akianguka majini, kamba hiyo ndiyo inayoizuia mashine isiwarudie walio majini.

Kwa mashine za mipigo miwili, mafuta ya kuchanganya na petroli yawe ya mashine za boti, si ya pikipiki wala ya gari. Nyingi huhitaji sehemu 1 kwa 50, yaani mililita 200 kwa lita 10 za petroli. Mashine za zamani zaidi huhitaji sehemu 1 kwa 25, yaani mililita 400 kwa lita hizo hizo 10. Kitabu cha mashine kifuatwe, wala si mazoea ya jirani. Mafuta yakipungua, pistoni hushika. Yakizidi mno, plagi huchafuka na moshi huchafua maji ambayo watu hunywa.

Mashine isiwashwe kavu hata kwa dakika moja. Iwashwe ndani ya pipa lililojaa maji hadi juu ya tundu la kuingizia maji, huku mkondo mdogo wa kuonyesha mzunguko wa maji ukitazamwa. Mkondo usipotoka, mashine izimwe mara moja.

TOFAUTI YA ZIWA NA BAHARI

Kwa kuwa Ziwa Viktoria liko juu, hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 12. Mashine iliyorekebishwa Dar es Salaam ikifungwa Nyegina hupata hewa kidogo kwa petroli ile ile. Plagi huwa nyeusi, nguvu hupungua, na mwenye mashine hudhani imechoka. Fundi anaweza kupunguza petroli katika kabureta au kubadilisha propela.

Jambo la hatari zaidi ni kinyume chake. Mashine iliyopunguziwa petroli kwa ajili ya ziwani ikiletwa pwani hupata hewa nyingi na petroli chache. Hukimbia vizuri kwa siku za mwanzo, huku ndani ikichemka, na mwisho pistoni huungua. Kwa hiyo mkazi wa Visiwani anayenunua mashine iliyotoka kanda ya ziwa aulize ilikotumika, na kabureta irekebishwe kabla ya kufungwa.

Vipande vya madini vinavyofungwa kwenye mashine ili kutu ivile hivyo badala ya mashine navyo hutofautiana. Baharini hutumika zinki. Katika maji baridi zinki hujifunika utando na kuacha kufanya kazi, hivyo hutumika alumini. Na mashine ya baharini ioshwe ndani kwa maji baridi kila baada ya safari.

MAJARIBIO

Jaribio la kwanza lifanywe bila mashine na bila mtu ndani. Boti ifungwe kamba, iingizwe katika maji yafikayo kifuani, kisha ijazwe maji kwa ndoo, huku mawe yenye uzito wa mashine yakiwa yamefungwa kwenye ubao wa tezi. Ikibaki ikielea, povu linatosha. Ikizama, ni afadhali izame hapo, mahali ambapo wanaume wanne wanaweza kuivuta. Boti isiyofaulu jaribio hilo isipelekwe mbali hata ikiwa imepakwa rangi ya namna gani.

Jaribio la pili ni la mashine. Lifanywe mchana, karibu na ufukwe, hali ya hewa ikiwa tulivu na utabiri ukiwa umesikilizwa, kwa kuwa ngurumo na dhoruba za Ziwa Viktoria hutokea sana usiku na alfajiri. Wawepo watu wawili tu, wote wakiwa wamevaa jaketi okozi, na chombo kingine kiwe tayari ufukweni. Kila baada ya dakika 10 mashine ipunguzwe kasi na ngama itazamwe. Ubao wa tezi utazamwe kama una nyufa mpya. Boti ikirudi, mashine ifunguliwe na boliti zikazwe tena.

UKAGUZI NA LESENI

Boti iliyofufuliwa nyumbani bado ni chombo kinachotawaliwa na sheria. Tanzania Bara, usajili na ukaguzi wa usalama wa vyombo vya majini uko chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC). Zanzibar, kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Usafiri Baharini. Kwa anayekusudia kuvua Tanzania Bara, leseni ya uvuvi hutolewa kwa mujibu wa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, nayo haiondoi wajibu wa chombo kukaguliwa. Boti iliyopasishwa kwa uvuvi isichukue abiria.

Inashauriwa mkaguzi aitwe wakati ubao wa tezi na mihimili bado iko wazi, kabla ya sakafu na rangi. Wengi humwita mwishoni wakidhani wanamrahisishia kazi, kumbe wanamfunika macho. Kazi njema haina sababu ya kuogopa kuonekana, na cheti kinachotolewa baada ya kuonekana kilicho chini ya sakafu kina thamani kwa mwenye boti kuliko kwa mtu mwingine yeyote.

Wananchi na watumishi wanaokusudia kununua boti kuukuu wanakumbushwa kufuata mpango huu: kwanza mbao na povu, pili faiba, tatu mashine, nne majaribio, tano rangi. Rangi ikichaguliwa, iwe nyekundu, ya chungwa au ya manjano, ili boti ionekane kwa mbali siku itakapohitaji kutafutwa.